Ua wa Nyumba Katika Nchi ya Mvua na Upepo

Ninyi mnaokaa Kilosa mwazijua mvua zetu. Mji wetu umejengwa chini ya milima. Upande mmoja kuna milima ya Ukaguru, upande mwingine milima ya Rubeho, na maji mengi yateremkayo huko hukusanyika katika mto Mkondoa, upitao kando ya mji na kuelekea mbuga ya Mkata. Vuli hunyesha mwisho wa mwaka, na masika huanza Machi hata Mei. Tena mvua kubwa haiji peke yake. Kwanza huja upepo. Huinua vumbi na majani makavu, hupiga milango, huinamisha migomba. Ndipo matone makubwa huanza kuanguka.

Katika nchi kama hii kila mwenye nyumba hupenda kuwa na ua. Ua huzuia mbuzi wasile mboga, huficha jiko na mahali pa kuogea machoni pa wapita njia, na huonyesha mpaka wa kiwanja. Lakini ukitembea mitaani asubuhi baada ya dhoruba, utaona nyua nyingi zimelala chini, na chache zimesimama. Kwa nini huu ulianguka, na ule ukasimama? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kabla hatujaendelea, angalieni neno lenyewe. Ua la mti, wingi wake ni maua. Ua wa nyumba, wingi wake ni nyua. Basi msiandike katika daftari zenu kwamba upepo umeangusha maua ya mtaa mzima, mkadhani mmeandika habari za nyua.

UA WANGU WA KWANZA

Nitaanza kwa kuwaambia kosa langu mwenyewe. Nilipohamia Kilosa nilipata nyumba penye mteremko. Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa bibi mmoja mzee, mjane, aliyekaa na wajukuu wawili. Mwezi wa Septemba, nchi ikiwa kavu, nikaanza kujenga ua. Nilitaka ua usiopenyeka hata kwa macho. Nikanunua nguzo nyembamba za miti michanga, nikazichimbia mashimo ya shibiri mbili tu, kwa kuwa udongo ulikuwa mgumu kama jiwe na mikono yangu ilikuwa imechoka. Juu ya nguzo nikapigilia mabati makuukuu, nikayabananisha, urefu wa futi sita kwenda juu. Chini nikapanga mawe na kuyakandika kwa udongo, ili kuku wasipite. Kazi ilipokwisha, ua ukapendeza sana. Watu waliopita walisema, "Mwalimu, sasa umejenga." Nami nikajisifu moyoni.

Siku moja yule bibi akaja, akasimama, akautazama ua kutoka mwanzo hata mwisho. Akasema, "Mwanangu, maji ya masika hupita hapa. Umeyawekea njia gani?"

Nikamjibu, "Bibi, hapa ni pakavu kabisa."

Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni Septemba." Akaenda zake.

Ukaja mwezi wa Aprili. Usiku mmoja nikaamshwa na kishindo kama ngoma nyingi zinazopigwa pamoja. Ni upepo uliokuwa ukiyapiga mabati yangu. Nguzo zililia, kisha moja ikavunjika, na ya pili, na ya tatu. Na kwa kuwa zote zilikuwa zimeshikamana, kila iliyoanguka ilivuta nyingine. Mvua ikafuata. Maji yaliyoteremka kilimani yakakuta mawe yangu na udongo wangu. Hayakuweza kupita, yakajikusanya. Yalipokuwa mengi yakabomoa pembe moja tu, yakatoka kwa pamoja na kuingia nyumbani kwa bibi.

Alfajiri nilikwenda kutazama. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanguka. Madebe matatu ya mahindi, akiba yake ya mwisho kabla ya mavuno, yalikuwa yamelowa matope, pamoja na mbegu za kunde alizokuwa akingoja kupanda. Bati langu moja lilikuwa limechomeka katika mgomba ulio mbele ya mlango wake, limekata shina hata kati, kama panga. Wajukuu walikuwa wameketi juu ya kitanda, wakitetemeka kwa baridi, lakini ni wazima. Bibi alikuwa amewaamsha maji yalipoanza kuingia. Nililitazama lile bati, nikawatazama wale watoto, na miguu yangu ikakosa nguvu.

Nikasema, "Bibi, nisamehe."

Akanijibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini msamaha hauli mtu. Jenga kwanza jiko langu. Kisha ukitaka kujenga ua wako, uje tuutazame mteremko pamoja."

Nilijenga jiko, nikalipa mahindi na mbegu. Kisha nikaanza kujifunza habari za nyua, kama mnavyojifunza ninyi leo.

NGUVU YA UPEPO

Upepo ni hewa inayokwenda. Hewa haionekani kwa macho, lakini ina uzito, na kitu chenye uzito kikienda kwa kasi husukuma kilicho mbele yake. Upepo wa dhoruba uendao kilomita 70 kwa saa husukuma kila meta moja ya mraba ya ukuta kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 25 hadi 30. Sasa fanyeni hesabu. Ua wangu ulikuwa na kimo cha futi sita, yaani karibu meta 1.8, na kutoka nguzo hata nguzo palikuwa na meta 2. Basi kila nguzo ilibeba meta za mraba 3.6. Zidisheni kwa kilo 28, mtapata kilo 100 na zaidi kidogo. Hilo ni kama gunia zima la mahindi, linasukuma nguzo moja nyembamba iliyochimbiwa shibiri mbili. Tena kumbukeni kanuni hii: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili, bali mara nne.

Upepo hausukumi kwa utulivu, kama mtu anayeegemea mlango. Hupiga, huacha, hupiga tena. Kila pigo huitikisa nguzo, na nguzo ikitikisika hufanya nafasi kuizunguka. Maji ya mvua huingia katika nafasi hiyo na kuufanya udongo kuwa uji. Hivyo upepo na maji husaidiana: mmoja hulegeza, mwingine hulainisha.

Fanyeni jaribio hili. Siku ya upepo, twaeni ungo na chekeche vilivyo sawa kwa ukubwa, mvishike mkivielekeza upeponi. Ungo utataka kuwatoka mikononi, na chekeche mtalishika bila taabu. Ungo hukataa upepo; chekeche huupa njia. Ua wa mabati ni kama ungo. Ua wa fito ulioachwa nafasi ni kama chekeche.

Labda mtasema, "Lakini ua wenye nafasi hautukingi na upepo." Sivyo. Upepo ukikuta ukuta usio na nafasi, hupanda juu yake, kisha huanguka upande wa pili ukizunguka-zunguka, na kuvunja migomba iliyo nyuma yake. Ukikuta fito zenye nafasi, sehemu moja huzuiwa na sehemu nyingine hupita polepole, na mahali pa nyuma hutulia mpaka mbali zaidi. Kipimo kizuri ni kuacha kati ya fito na fito nafasi iliyo karibu sawa na unene wa ufito wenyewe. Hapo nusu ya ua ni mti, na nusu ni njia ya upepo. Mbuzi hapiti, wala upepo haugombani na nguzo.

NGUVU YA MAJI

Maji ni mazito kuliko hewa mara nyingi sana. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Debe la lita 20 lina kilo 20, nanyi mnaochota maji mwalijua hilo kwa shingo zenu. Meta moja ya ujazo ina kilo 1,000. Basi anayezuia maji na ajue anazuia nini.

Katika nchi yetu jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alipita akienda kumtafuta Livingstone. Karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro leo, aliukuta mji wa Simbamwenni, uliojengwa na Kisabengo. Mji ule ulizungukwa na ukuta wa mawe wenye minara pembeni, naye Stanley aliusifu sana. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi. Na huku bara mvua ilikuwa nyingi mno. Stanley alikuwa akirudi pwani, akaivuka mbuga ya Mkata kwa taabu katikati ya maji. Alipofika Simbamwenni, alikuta ukuta wa mbele umebomolewa na mafuriko, na nyumba kama hamsini zimechukuliwa. Ukuta uliojengwa kuzuia watu wenye bunduki haukuweza kuzuia maji.

Wazazi wenu wanakumbuka jambo la karibu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulijaa, ukavunja tuta lake, ukaingia Kilosa. Maelfu ya watu waliacha nyumba zao wakakaa katika mahema, na reli ya kati ikakatika. Mafuriko ya namna hiyo hayazuiwi na ua wowote wa nyumba. Dawa yake ni kukaa mbali na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu zinazoweza kuharibu mto zisifanywe ndani ya meta 60 kutoka ukingo wake. Penye ukingo, acheni matete na mabingobingo yaote. Mizizi yao hushika udongo.

Lakini yako maji madogo, yale yapitayo mitaani na viwanjani saa moja au mbili baada ya mvua, kisha yakakauka. Hayo ndiyo niliyoyasahau mimi. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Ukiweka ua wako katikati ya mkondo, takataka na majani hunasa katika fito, na ua huwa ukuta hata kama ulikuwa na nafasi. Kisha maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa jirani.

JINSI YA KUJENGA

Kwanza, mwite jirani. Tazameni mpaka pamoja, mkubaliane kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kisha ngojeni mvua inyeshe, mtembee kiwanjani mvua ikiwa bado inanyesha, na kila mahali mnapoona maji yanapita, chomekeni kijiti. Vijiti hivyo vitawaambia penye kuacha njia. Mtu akijenga wakati wa kiangazi bila kuviona, hujenga kwa kubahatisha.

Pili, chagua nguzo. Mti wa nguzo uwe umekomaa. Katika miti mingi, sehemu ya nje ni nyeupe na laini, na mchwa huipenda. Kiini cha ndani, chenye rangi nzito, ndicho kigumu. Mpingo na mninga vina kiini kizuri sana, lakini hiyo ni miti ya thamani na haikatwi bila kibali. Nguzo za mtiki zafaa, na pia nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani. Katika miti ya jamii ya minazi ni kinyume: ugumu wake uko nje, na ndani ni laini. Hivyo ndivyo ulivyo mvumo, ambao kwetu huitwa mkumi, na ambao umeupa mji wa Mikumi jina lake. Ubao wa sehemu yake ya nje hustahimili mchwa na maji.

Tatu, chimba. Theluthi moja ya nguzo iwe chini ya ardhi. Ukitaka ua wa futi tano, nguzo iwe na futi saba na nusu: futi tano juu, futi mbili na nusu chini. Penye udongo laini au mahali palipo wazi kwa upepo, ongeza nusu futi kwenda chini. Umbali kati ya nguzo na nguzo usizidi futi sita. Shimo liwe jembamba, lenye kuta zilizosimama wima. Lisiwe pana juu kama bakuli, kwa maana udongo uliofukuliwa haushiki kama udongo ambao haujaguswa. Chini ya shimo weka kokoto kiasi cha upana wa kiganja, ili maji yazame. Simamisha nguzo, tia udongo kidogo kidogo, na kila tabaka la nusu shibiri ulishindilie kwa mchi mpaka mchi udunde. Udongo usiwe vumbi, wala usiwe tope. Uwe na unyevu wa kutosha kufanya donge mkononi. Juu kabisa, fanya kichuguu kidogo kuzunguka nguzo, maji yakimbilie nje.

Nne, tia nguvu pembeni. Nguzo za pembe na za mlango ziwe nene kuliko nyingine, zichimbiwe zaidi, na kila moja iwekewe miega miwili, kila mwega ukifuata upande mmoja wa ua. Ua mara nyingi huanza kuanguka penye pembe au penye mlango, kisha huvuta wenzake, kama nilivyoona mimi.

Tano, funga fito. Waulizeni wazee upepo mkali hutoka upande gani, na fito zipigiliwe upande huo wa nguzo. Hivyo upepo ukivuma, huzikandamiza fito katika nguzo. Ukizipigilia upande wa pili, kila pigo la upepo huzisukuma zitoke, nayo misumari huchomoka. Fito za mkole ni nzuri kwa sababu hupinda bila kuvunjika. Kamba ya mkonge, ijapokuwa nchi yetu ya Kilosa yasifiwa kwa mkonge, huoza upesi ikilowa kila siku. Tumia waya usioshika kutu.

Sita, liache ua nafasi chini. Ufito wa chini uwe shibiri moja juu ya ardhi. Penye mkondo ulioweka vijiti, usipigilie fito hata kidogo. Funga fito chache pamoja kama mkeka, uzining'inize kwa waya kutoka ufito wa juu. Wakati wa kiangazi mkeka huo hulala wima na kuzuia mbuzi. Maji yakija huusukuma, nao hujifungua kama mlango. Yakiisha, hurudi mahali pake. Baada ya kila mvua kubwa ondoa takataka zilizonasa.

KWA NINI NGUZO HUOZA

Ng'oeni nguzo kuukuu muitazame. Sehemu ya juu ni nzima. Ncha ya chini kabisa mara nyingi nayo bado ni ngumu. Palipooza ni pale nguzo inapotoka ardhini. Kwa sababu gani? Kuvu wanaoozesha mti huhitaji unyevu na hewa pamoja. Juu kuna hewa nyingi, lakini jua hukausha mti. Chini sana kuna unyevu, lakini hewa ni kidogo. Penye uso wa ardhi vyote viwili vipo, nao mchwa hufika hapo kwa urahisi.

Basi palindeni mahali hapo. Kile kichuguu cha udongo na zile kokoto ni kwa ajili ya kazi hiyo. Majani yasirundikane penye nguzo. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari, ili maji yateleze yasitue. Mtu akitumia saruji, asifanye kikombe kinachoshika maji kuzunguka nguzo. Juu ya saruji pawe na mteremko. Kila mwaka, kabla ya masika, tikisa nguzo moja moja. Iliyolegea ishindiliwe siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UA WA MITI HAI

Nguzo iliyokufa huanza kuoza siku inapochimbiwa. Mti ulio hai huzidi kupata nguvu kila masika. Kwa hiyo wazee wengi hupanda ua badala ya kuujenga. Mnyaa na mbono huota kwa vipande. Kata vipande vya dhiraa moja au mbili. Vile vya mnyaa viache kivulini siku chache hata jeraha likauke. Vipande mwanzoni mwa mvua, umbali wa shibiri moja moja. Upepo huviinamisha na kuviinua tena; maji hupita kati ya mashina, na mizizi hushika udongo usichukuliwe.

Lakini sikieni onyo hili vizuri. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia machoni huunguza, na waweza kumpofusha mtu. Msiuchezee, wala msivunje matawi yake kwa kutupiana. Mwenzenu akipatwa, mwosheni macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali. Mbegu za mbono nazo zafanana na kitu cha kuliwa, lakini ni sumu. Hutapisha na kuharisha. Wafundisheni wadogo zenu.

NYUA ZA MIKUMI

Twende sasa upande wa kusini wa wilaya yetu, katika mji wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na wanyama wake hawajui mpaka uko wapi. Huko mkulima hafikiri juu ya mbuzi tu, bali juu ya tembo. Tembo dume mkubwa ana uzito wa tani tano na zaidi. Hakuna nguzo ya mti itakayoshindana naye.

Watu wenye akili hawakutafuta nguzo nene zaidi. Walitafuta jambo ambalo tembo halipendi. Wengine husaga pilipili kali, huichanganya na oili ya magari iliyokwisha tumika, hupaka vitambaa na kuvitundika katika kamba kuzunguka shamba. Oili huzuia mvua isiioshe pilipili upesi. Hata hivyo baada ya mvua kubwa yapasa kupaka tena. Wala kazi hiyo isifanywe karibu na kisima, maana oili huharibu maji.

Njia nyingine ni ya nyuki. Huko Kenya mtafiti Lucy King aliijaribu na kuieneza. Mizinga hutundikwa kati ya nguzo, kila meta 10, nayo huunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akiusukuma waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka, na tembo hurudi nyuma. Nyua za namna hii zimejengwa pia penye milima ya Udzungwa, si mbali na Mikumi, na wenye mashamba hupata asali. Ua huo hufanya kazi kwa sababu unayumba. Kama ungekuwa mgumu usiotikisika, nyuki wasingejua kwamba mgeni amekuja.

UA WANGU WA PILI

Masika yale yalipokwisha, niliwangoja mvua za vuli. Zilipoanza, bibi na mimi tulitembea kiwanjani tukiwa tumejifunika magunia vichwani, yeye akinionyesha kwa fimbo, mimi nikichomeka vijiti. Tuliona mikondo miwili, ambayo mimi nilikuwa nimeijua mmoja tu. Nikanunua nguzo za mtiki, chache kila mwezi kwa kadiri ya mshahara wangu. Nikachimba futi tatu. Nikaacha nafasi kati ya fito, nikatundika mikeka miwili penye mikondo. Upande wa bibi tulipanda mbono, naye mwenyewe alichagua vipande.

Ua huo haukusifiwa na wapita njia. Waliona mboga zangu kati ya fito, wakasema mwalimu amepungukiwa na mabati. Lakini masika yalipofika, upepo ukavuma usiku kucha, na asubuhi nilitoka nikaona nguzo zote zimesimama. Mikeka ilikuwa imejaa majani. Maji yalikuwa yamepita katika njia yake ya siku zote, katikati ya kiwanja changu na kando ya kiwanja cha bibi, yakaenda barabarani.

Bibi alikuwa jikoni kwake, akipika uji. Aliniona, akasema, "Mwalimu, umelala?"

Nikasema, "Nimelala, bibi."

Akasema, "Hata sisi."

MASWALI

1. Taja makosa manne ya ua wa kwanza wa mwalimu. Ni lipi lililomdhuru jirani?
2. Ua una kimo cha meta 1.5, na nguzo zake ziko umbali wa meta 2. Upepo ukisukuma kila meta ya mraba kwa nguvu ya kilo 28, nguzo moja hubeba kilo ngapi? Ikiwa nusu ya ua ni nafasi, unadhani mzigo utazidi au utapungua? Eleza.
3. Kwa nini nguzo huoza zaidi penye uso wa ardhi?
4. Ukuta wa Simbamwenni na ua wa nyuki wa Udzungwa vina tofauti gani katika kazi yao?
5. Bibi alisema, "Ndiyo, mwanangu. Ni Septemba." Alikuwa na maana gani?
6. Kazi ya mikono: mvua itakaponyesha, chukueni vijiti mkapime njia za maji katika kiwanja cha shule. Choreni ramani yake, mwonyeshe mahali ambapo ua waweza kupita na mahali pa kuacha njia.